Bawabu Anaingia kwa Vituko Vyake

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza, na paa la ofisi nalo limeanza kazi yake ya kila mwaka. Ndoo mbili ziko kwenye ngazi, beseni liko juu ya kabati la Mhariri, na mimi nimehamishia meza yangu karibu na choo, pakavu kuliko pote katika chumba cha katuni. Huko ndiko Mhariri alikonifuata na habari. Mwenzetu anayeandika hadithi za Tufani, tunayemwita Mtaalamu kwa sababu hakuna jambo asilolijua, amechelewesha hadithi yake mpya. Jarida haliwezi kutoka na kurasa tupu. Kwa hiyo nimepewa matoleo manne, niandike nitakacho, mradi nitumie mashujaa tulio nao.

"Nitakacho?" nikamuuliza.

"Utakacho. Ila usimguse Tufani."

Nani anamtaka Tufani? Nikamwambia namtaka Bawabu. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Kwa atakayelisoma daftari hili nikishakufa: Tufani ndiye shujaa wetu mkuu. Anaruka, anapiga, anasifiwa. Bawabu ni wa pembeni. Akiweka kiganja juu ya ukuta wowote, mlango hufunguka, na ng'ambo ya mlango ni popote atakapo. Ukifikiri vizuri, huo ni uwezo mkubwa kuliko wa Tufani. Lakini Bawabu ni mlevi. Anaingia akiyumba, chupa mkononi, anafungua mlango usio wenyewe, Tufani aliyetaka kuingia ghalani kwa majambazi anatokea bafuni kwa watu, wasomaji wanacheka, Bawabu anatoweka hadi toleo jingine. Amefanya hivyo miaka kumi na miwili bila likizo. Nilimbuni mimi, na sura nilimpa ya kaka yangu. Kaka mwenyewe aliridhia. Enzi hizo alikuwa bawabu wa jumba la sinema, na ulevi wake ulikuwa wa kuchekesha.

Kaka hajagusa pombe tangu mvua za mwaka jana.

Jumatano, 5 Machi

Nimepita kwa kaka baada ya kazi. Siku hizi analinda lango la shule ya msingi, na amepanga chumba nyuma ya kiwanda cha matofali. Alifungua mlango, tukakumbatiana, nikavuta pumzi. Sabuni tu.

Nikampa habari zangu. Akachukua kitambaa, akafuta meza iliyokuwa safi.

"Sasa utamfanya nini huyo?"

"Sijui bado. Nataka abadilike."

"Basi mwachishe na yeye."

"Nimwachishe nini?"

"Pombe, mdogo wangu. Mimi nimeacha, yeye anaendelea tu. Kila asubuhi watoto wanapita langoni wanayumba mbele yangu, 'Bawabu, tufungulie mlango wa baharini!' Siwakasirikii, ni watoto. Lakini mtu unachoka kuigizwa jambo ambalo hulifanyi tena."

Nilitaka kumtania, nikaona uso wake, nikaacha. Kaka hajawahi kuniomba kitu kikubwa akiwa na akili timamu. Nikamwahidi.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Nimeandika kurasa nne, nimechana tano.

Jumanne, 11 Machi

Leo nimepambana na droo.

Mchoraji wetu ni mzee tunayemwita Wino, maana vidole vyake havijawahi kuwa na rangi nyingine. Ni mmoja tu, na jarida lina mashujaa kumi na tisa, achilia mbali majambazi. Kwa hiyo anayechorwa upya kila toleo ni Tufani peke yake. Wengine wote wanatoka kwenye droo kubwa ya chini. Kila mmoja ana bahasha yenye picha zake zilizochorwa zamani: akiingia, akishangaa, akipigwa, akicheka. Wino anazitoa nakala, anakata kwa mkasi, anabandika kwa gundi, anaongeza mvua au moshi nyuma, kazi imekwisha.

Picha za Bawabu zilichorwa siku moja. Nakumbuka. Kaka alisimama juu ya meza na chupa tuliyoijaza chai ya rangi, akayumba kushoto, akayumba kulia, akaanguka, akainuka, akaanguka tena kwa kutuonyesha namna nyingine, na sisi tulikuwa tumelala chini kwa kicheko. Alikuwa na miaka thelathini.

Nikamwambia Wino nataka Bawabu mpya. Mvi kando ya masikio, mikono mitupu.

"Mwanangu," akasema, "mtu wa pembeni hachorwi. Anabandikwa."

"Nichoree mara hii moja, baba."

"Na mikono mitupu ndiyo migumu. Chupa ilikuwa inanisaidia."

Alinung'unika hadi saa ya kutoka, lakini alipofungasha vitu vyake niliona kwenye karatasi kichwa cha mtu mwenye mvi, ametulia, anatazama mbele. Nikafurahi hadi nikamnunulia nusu mkate.

Jumapili, 16 Machi

Chakula kwa mama. Mama alitugawia maji, sote kwenye bilauri za kioo, kaka kwenye kikombe chake cha plastiki cha bluu. Zamani alivunja bilauri nyingi, ni kweli. Kaka alikitazama kile kikombe, akanywa, akamshukuru mama. Mimi niliona, nikanyamaza. Mlangoni wakati wa kuagana nilimkumbatia. Hakuna harufu.

Ijumaa, 21 Machi

Toleo la kwanza limetoka! Bawabu anaamka ndani ya tangi la maji ambalo hakumbuki aliingiaje, na ukurasa wa mwisho anaiweka chupa chini, anaondoka, chupa inabaki peke yake kwenye picha. Kaka amebandika ukurasa huo kwenye kibanda chake langoni. Alinipigia simu kuniambia mwalimu wa hisabati amesimama kuusoma wote, mvua inamnyeshea.

Jumatano, 2 Aprili

Wasomaji wameanza kuandika. Mhariri alitusomea kwa sauti, huku akihamisha beseni. Mmoja anasema Bawabu amekuwa mkavu. Mmoja anauliza kama ni mgonjwa. Mmoja, Mungu ambariki, anasema baba yake pia aliacha.

Mtaalamu alikuwa amekaa juu ya meza yangu, anakula karanga na kuniachia maganda.

"Unajisumbua bure," akasema. "Mwacha asili ni mtumwa. Bawabu asili yake ni chupa."

"Asili yake ni milango. Chupa nilimshikisha mimi."

"Basi ungemshikisha mwavuli."

Mhariri ni mtu wa haki, ndiyo maana maneno yake yanauma zaidi. Aliniita pembeni, akaniambia kwa upole kwamba hakuna mtu anayelinunua jarida kwa ajili ya Bawabu. Tufani akivunjika mguu, waandishi wote wanakumbuka, kwa sababu hadithi ni ya mguu wake. Bawabu anaazimwa. Leo yuko kwangu, kesho kwa Mtaalamu, keshokutwa kwa kijana atakayeajiriwa mwakani, na kila anayemwazima anataka kitu kilekile alichosikia Bawabu anacho. Msomaji naye ana picha moja tu ya kumtambua. Bawabu akiingia na mvi na mikono mitupu, watauliza huyu ni nani, na Tufani anamngoja, jengo linaungua, nani ana nafasi ya kueleza?

"Kwa hiyo asibadilike?"

"Abadilike kwako," akasema Mhariri. "Matoleo manne ni mengi."

Nilirudi kwenye meza yangu nikafagia maganda ya karanga. Nina hasira, lakini kosa liko wapi katika maneno yake? Nimelitafuta jioni nzima.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua haikatiki. Ukuta wa chumba changu umeota kuvu. Kwa kaka: sabuni tu.

Jumamosi, 12 Aprili

Nilikwenda dukani na kaka kununua msumari. Muuza duka, ambaye anatujua tangu utoto, alimwona akacheka kwa furaha ya kweli, akainama chini ya kaunta akatoka na chupa ndogo, ile kaka aliyokuwa akinunua zamani.

"Nimekuwekea, maana umeadimika."

"Niliacha, jirani."

"Ndiyo, ndiyo," akasema muuza duka, akanikonyeza mimi. "Naiweka hapa, ukirudi ipo."

Hakuna ubaya wowote ndani ya mtu yule. Anampenda kaka. Njiani kaka aliniambia kwamba kuacha hakukumshinda. Tumbo lilimuuma, usingizi ulikimbia, lakini yalipita. Kinachomshinda ni kwamba kila siku anaacha upya, mbele ya kila mtu, na kesho yake wamesahau.

Nimeandika ukurasa mzima wa toleo la nne kwa maneno hayo. Sikumwambia.

Ijumaa, 18 Aprili

Toleo la tatu. Wino sasa anamchora Bawabu kwa hiari. Amempa koti.

Ijumaa, 2 Mei

Toleo langu la mwisho limetoka, na sijawahi kuandika kitu kizuri kuliko hiki. Mwaka umepita tangu Bawabu aiache chupa. Amefungua milango ya watu miaka yote, lakini mlango wa nyumba yake mwenyewe ulimkataa, kiganja kinateleza tu. Katika ukurasa wa mwisho anapiga hodi. Basi. Anapiga hodi kama mtu yeyote, anasubiri, na mlango unafunguliwa kutoka ndani. Wino alikichora kile kiganja kwa siku mbili.

Nilimpelekea kaka nakala kabla ya kufika madukani. Alisoma amesimama. Alipomaliza akairudia picha ya hodi, akaigusa kwa kidole.

"Huyu sasa tumelingana," akasema. "Ana mwaka kama mimi."

Akalia kidogo, akanicheka kwa kuwa mimi nililia zaidi. Nikamkumbatia, na nikavuta pumzi. Niligundua kwamba nimevuta, kwa sababu yeye alitulia mikononi mwangu akasubiri nimalize.

Ijumaa, 16 Mei

Hadithi mpya ya Tufani imetoka leo. Ukurasa wa tisa, Bawabu anaingia akiyumba, chupa mkononi, nywele nyeusi. Anafungua mlango, Tufani anatumbukia kwenye pipa la samaki.

Nilipanda ngazi mbili mbili, nikapiga teke ndoo moja.

Nilidhani Mtaalamu atajitetea. Nilikuwa nimejiandaa: angesema watu hurudia, ningemjibu kwamba kurudia nako ni hadithi, kunahitaji sababu, kunahitaji angalau picha moja. Badala yake alinitazama kama mtu aliyeulizwa habari za nchi asiyoijua.

"Kwani aliacha?"

Hakuwa amesoma. Hata toleo moja. Anakaa juu ya meza yangu, anakula karanga juu ya kurasa zenyewe, na hakusoma. Hakuwa na nia mbaya wala nzuri. Alihitaji mlango, akamwita wa milango.

Nikashuka kwa Wino. Mzee aliona aibu, alifuta mikono kwenye suruali.

"Hati ilikuja imeandikwa, 'Bawabu anaingia kwa vituko vyake.' Wanaandika hivyo miaka yote. Nikafungua droo, nikatoa bahasha."

"Na zile mpya? Za mvi?"

"Zile ziko kwenye faili la hadithi yako. Kule juu, pamoja na hati zako. Droo ni ya wote, mwanangu. Za hadithi ya mtu haziingii kwenye droo."

"Ungeziweka!"

"Hakuna aliyeniambia."

Kweli hakuna. Hata mimi sikumwambia. Nilipigania kurasa, koti, hodi, na sikukumbuka kumwambia mtu abadilishe picha kwenye bahasha. Nikazichukua picha mpya, nikazipeleka mwenyewe kwenye droo. Mhariri akanizuia pale pale. Akasema akimruhusu mmoja kubadilisha droo, kila mwandishi atakuja na zake, na mwisho hakuna shujaa atakayetambulika. Aliniomba nizirudishe. Nikazirudisha.

Jumamosi, 17 Mei

Kaka ameliona. Alisema, "Si kitu, ni katuni." Ule ukurasa wa langoni ameubandua.

Jumanne, 20 Mei

Mvua. Watoto wameanza tena kuyumba, anasema, tena safari hii wanajitupa chini na kulia, "Samaki! Samaki!" Aliniambia kwa sauti ya mtu anayesoma habari za hali ya hewa. Anasema anahisi mwili mzito. Nilimwambia ni mvua.

Alhamisi, 22 Mei

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali, mchana, mwanga ni mbaya.

Asubuhi simu ililia ofisini. Mwalimu wa zamu.

"Wewe ni ndugu yake Bawabu? Njoo umchukue. Ameanguka langoni, yuko katika hali yake ile."

Nikaomba nizungumze naye. Wakamshikia simu sikioni. Nilisikia mvua na pumzi.

"Mdogo wangu," akasema, "nasikia baridi." Ulimi ulikuwa mzito, maneno yanagongana.

Na mimi nikamuuliza, "Kaka, umekunywa?"

Hakujibu. Nikamuuliza tena, kwa ukali, mbele ya chumba kizima cha katuni. Nikasikia mwalimu akichukua simu yake.

Sikukimbia, na hilo ndilo nataka liandikwe hapa. Nilikata simu nikakaa. Nilikasirika hadi macho yakaona giza. Nikawaza, mwaka mzima! Nikawaza, ni kwa sababu ya pipa la samaki, halafu nikawaza, hapana, hiki ni kisingizio, mlevi hakosi kisingizio. Nikamaliza ukurasa niliokuwa nao mkononi ili nisiende nikiwa na hasira. Nikanywa chai. Ndipo nikachukua mwavuli.

Walikuwa wamemkalisha kwenye benchi nje ya kibanda, chini ya ukingo wa paa unaovuja, ili apate hewa. Mtu alikuwa amemwekea ndoo miguuni kwa ajili ya kutapika. Koti limelowa chepechepe. Watoto wamejaa madirishani, na mmoja alikuwa akiyumba kwa kuwaonyesha wenzake. Niliinama. Kabla sijamgusa, kabla sijamwita, nilimnusa. Sabuni, na nguo mbichi. Ndipo nikaweka mkono kwenye paji la uso wake, na lilikuwa la moto.

Daktari anasema ni malaria, imempanda kichwani. Aliuliza ameanguka lini. Nilipomwambia ni asubuhi, aliitazama saa ya ukutani, akaniuliza nilikuwa wapi.

Ijumaa, 23 Mei

Hajaamka.

Jumamosi, 24 Mei

Hajaamka. Mama amekuja na kile kikombe cha bluu, kwa kuwa ndicho chake. Nimekitoa mkononi mwake nikakiweka chini ya kitanda, na mama akanishangaa.

Jumapili, 25 Mei

Ameamka, ameomba maji. Ahsante Mungu, ahsante, ahsante.

Jumatano, 28 Mei

Anakaa, anakula uji. Akisimama anayumba. Daktari anasema ugonjwa umemwachia kizunguzungu, kinaweza kuisha taratibu, kinaweza kukawia sana. Leo alitembea hadi dirishani akishika ukuta. Mgonjwa wa kitanda cha pili, ambaye jarida letu linalala chini ya mto wake, alimtazama, akatazama tena, akaanza kutabasamu.

Ijumaa, 30 Mei

Nimekwenda shuleni kwa mwalimu mkuu. Ni mama mstaarabu, alinipa kiti, alinipa pole. Nikampa cheti cha daktari. Akakisoma, akakubali kabisa.

"Sina shaka na cheti. Lakini wazazi wamelalamika."

"Alikuwa anaumwa, mwalimu. Alilowa mvua akiwa na homa kwenye benchi lenu."

"Naelewa. Na nasikitika. Lakini dada yangu, lisemwalo lipo, kama halipo laja. Mtoto anamsoma nyumbani yuko vile, anakuja langoni anamwona anaanguka. Mimi nitamweleza mzazi wa ngapi?"

"Anayeandika lile jarida ni mimi."

Akanitazama kwa huruma. "Basi wewe unaelewa zaidi yangu," akasema. Wamempata mlinzi mwingine.

Jumapili, 1 Juni

Kaka ametoka hospitali. Nilimleta kwangu, nikampa kitanda. Jioni nilikuwa nakuna nazi, yeye amekaa kwenye kigoda anachambua mchele, na akaniuliza bila kuinua kichwa:

"Uliniuliza nini kwenye simu?"

"Nilikuuliza unaumwa nini."

"Sawa," akasema.

Aliendelea kuchambua. Nilijua amesikia, na alijua najua. Nikamwomba radhi nikilia. Akasema amenisamehe tangu hospitali, na naamini. Lakini alipokwenda kulala alinifikia, akanipumulia usoni taratibu, pumzi ndefu, kama tunavyompumulia mtoto mdogo macho yakiwa na vumbi. Halafu akaniambia usiku mwema. Nimekaa jikoni na kifuu cha nazi mkononi, sijui nifanye nini.

Alhamisi, 5 Juni

Ameondoka. Amechukua basi la kwenda mbali, mji ambao jarida letu halifiki. Aliacha barua? Hapana, aliaga vizuri, alimbusu mama, akasimama kizingitini akiwa ameshika fremu ya mlango ili asiyumbe.

Mama amekiosha kikombe cha bluu akakirudisha rafuni. Anasema akirudi atakikuta.

Jumamosi, 14 Juni

Kaka amepiga simu. Amepata kazi ya kufungua maji kwenye bustani ya miche. Sauti yake ina nguvu.

"Jana niliyumba sokoni," akasema, "nikashika nguzo. Unajua walifanya nini? Mama mmoja akaniletea kiti. Akaniambia, 'Pole baba, unaumwa?' Tangu lini mtu akaniuliza hivyo!" Alicheka kwa furaha, na mimi nikacheka.

Nikamwambia mwisho wa mwezi nitapanda basi nije kumwona.

"Usije, mdogo wangu," akasema.

"Kwa nini?"

"Nitafungua mlango, utanikumbatia. Utavuta pumzi. Hutaki, najua hutaki, lakini utavuta. Acha nikae kwanza na watu wasionijua."

Nikamwambia naweza kujizuia. Akasema sawa, ukiweza utaniambia. Simu ilipokatika nilijaribu kufikiri nimesimama mlangoni kwake, anafungua, ana mvi na koti jipya. Nilijaribu mara nyingi. Kila mara navuta pumzi.

Jumatatu, 23 Juni

Mvua zimekwisha. Wamezitoa ndoo kwenye ngazi, zimeacha duara la kutu.

Mtaalamu amepasuliwa kidole tumbo, na Mhariri amenipa Tufani. Toleo moja tu, lakini ni Tufani. Miaka kumi na miwili nimeisubiri siku hii, na sasa imekuja sina hata hamu ya kuisherehekea.

Jengo linaungua, Tufani yuko ndani ya lifti iliyokwama, anahitaji mlango. Nina picha moja ya kumwingiza Bawabu, yenye upana wa kiganja. Niliandika, "Bawabu anaingia, ana mvi, hajanywa." Nikasoma. Msomaji atauliza huyu ni nani. Nikaongeza Tufani amuulize, "Siku hizi hunywi?" Moto unawaka, watu wanakufa, na wao wanazungumza habari za chupa. Nikafuta. Nikajaribu aingie kimya tu, afungue, aondoke. Ikawa mtu yeyote, fundi lifti. Nikajaribu kumtoa kabisa, na Tufani akabaki amekwama kwenye lifti.

Wino alisimama mlangoni mara mbili kuniuliza kama iko tayari, maana mtambo unangoja.

Nikaandika, "Bawabu anaingia kwa vituko vyake."

Akaichukua hati, akasoma mstari ule, akanitazama, nikamfuata chini kwake. Akafungua droo, akatoa bahasha, akanitandazia picha mezani nichague. Kaka yangu ana miaka thelathini, anacheka, chupa ya chai iko juu. Nilimtazama macho. Yalikuwa mazima kabisa siku ile, macho ya mtu mwenye akili zake anayefurahisha wadogo zake, na kwa miaka yote hii sikuwahi kuyaona.

"Hii, au hii?" Wino akauliza.

Nikamwambia yoyote, abandike, tumechelewa.